Kuchagua bawa la mbele la foili: moja litakalofaa mawimbi na upepo

Anayenunua foili, yaani kifaa cha kufunga chini ya ubao ili uunyanyue juu ya maji, kwa mara ya kwanza huuliza saizi. Muuzaji anamtajia namba moja, 1000 au 1250 au 1500, na biashara imekwisha. Namba hiyo mara nyingi ni eneo la bawa kwa sentimita za mraba, nayo inakueleza jambo moja tu: utahitaji kasi kiasi gani ili ubao unyanyuke. Haikuelezi ubao utageuka vipi, wala bawa litaanza kukusumbua ukifika kasi gani. Hayo mawili yanatokana na urefu wa bawa kutoka ncha hadi ncha, na unene wake. Kwa mtu anayetaka bawa moja la kuchezea mawimbi na la kutumia na upepo, hapo ndipo penye uamuzi wenyewe.

Majina kwanza, tusichanganyane. Chini ya ubao kuna mlingoti unaoshuka majini. Mwisho wa mlingoti kuna kiunzi cha kulala, wenyewe wanakiita fuselaji. Mbele ya fuselaji ndipo lilipo bawa la mbele, ambalo hubeba karibu uzito wote, na nyuma kuna bawa dogo nitakaloliita mkia. Kile kitambaa cha kujaza upepo unachokishika mikononi nitakiita tanga la mkononi, maana kukiita nacho bawa kutatuvuruga.

Hatua ya 1: Panda mizani, kisha jiulize unatoka siku zipi

Uzito ndio mwanzo. Jipime ukiwa na nguo za kuingilia majini, ongeza ubao, foili na tanga. Kwa vifaa vya kawaida hiyo ni kama kilo 12 juu ya uzito wako.

Swali la pili watu hulijibu kwa matamanio badala ya ukweli: je, siku nyingi unazotoka zikoje? Katika pwani yetu kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, huvuma kwa upole kuliko kusi ya Juni hadi Septemba. Ukikaa Paje, Jambiani au Diani, siku yako ya kawaida ni upepo wa kilomita 22 hadi 35 kwa saa. Programu nyingi za hali ya hewa huandika kwa noti, na noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa, hivyo hizo ni noti 12 hadi 19. Mwenzako aliye Oman, akienda kisiwa cha Masirah wakati wa pepo za kiangazi, atakuta upepo mkali zaidi ya huo na atataka bawa dogo zaidi. Ushauri wake ni mzuri kwa Masirah. Usiutumie kununulia kifaa cha Paje.

Bawa moja linunuliwe kwa ajili ya siku ya kawaida. Siku ile ya upepo wa ajabu inayokuja mara chache kwa mwaka, utavumilia.

Hatua ya 2: Tafuta eneo kwa hesabu

Nguvu ya bawa kunyanyua hukua kwa mraba wa kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, bawa lilelile kwa pembe ileile hunyanyua mara nne. Upande wa pili wa sheria hiyo ni kwamba ukiongeza eneo mara mbili, kasi ya kuinukia haipungui nusu, bali kwa asilimia 30 hivi. Ndiyo maana kuruka kutoka bawa la 1000 kwenda 1250 hakuleti muujiza ambao watu huutarajia.

Chukua mtu wa kilo 80, na vifaa vyake jumla kilo 92, kwenye maji ya chumvi. Bawa la sentimita za mraba 1500 litaweza kumbeba kuanzia kilomita 12 kwa saa hivi. La 1000 linahitaji kama 15. La 700 linahitaji 18. Hizo ni kasi za chini kabisa, bawa likiwa limeinamishwa karibu na kikomo chake. Kiutendaji ongeza kidogo. Walio Ziwa Victoria au Tanganyika wasihangaike na tofauti ya maji baridi na maji ya chumvi, kwani haifiki hata asilimia 3.

Sasa linganisha na wimbi. Wimbi linalopita kwenye maji ya kina kifupi hukimbia kulingana na kina hicho. Penye mita 1.5 linakwenda karibu kilomita 14 kwa saa, penye mita 2 karibu 16, penye mita 3 kama 19 na nusu. Utaona kwamba bawa la 1000 kwa mtu wetu wa kilo 80 linaanza kubeba karibu na kasi ya wimbi lenyewe penye mita 2 za maji. Akikata wimbi kwa mshazari, badala ya kwenda nalo moja kwa moja ufukweni, anakwenda kasi kuliko wimbi na nafasi inabaki. La 700 litamlazimisha atafute wimbi lenye nguvu zaidi au apige makasia kwa mikono hadi achoke.

Huo ni upande wa chini. Upande wa juu ndio ambao wauzaji husahau kuutaja. Nje ya mwamba, mawimbi yanayosukumwa na upepo hukimbia kwa kadiri ya muda kati ya wimbi na wimbi. Yakipishana kwa sekunde 4 yanakwenda kama kilomita 22 kwa saa. Kwa sekunde 5, kama 28. Ukiwa na tanga la mkononi na kusi imekaza, haya ndiyo mawimbi utakayotaka kuyafuata. Bawa linaloinuka kwenye kilomita 15 likifikishwa 28 linakuwa na uwezo wa kunyanyua mara tatu na nusu ya uzito wako, na huo wote unabidi uukandamize kwa mguu wa mbele, au bawa likuinue hadi litoke majini. Bawa la 1500 lenye kasi ya kuinukia ya 12 ni balaa zaidi: mara tano na zaidi.

Kwa hiyo kazi ya bawa la kufaa kote ni kuanza kubeba kwenye kilomita 14 hadi 16 na bado likubali kwenda 28 bila vita. Kwa mtu anayejua tayari kusimama na kuteleza, mimi huanzia na sentimita za mraba 12 hadi 14 kwa kila kilo ya mwili. Wa kilo 65 aangalie 800 hadi 900, wa kilo 80 aangalie 950 hadi 1100, wa kilo 95 aangalie 1150 hadi 1300. Anayejifunza anahitaji kama 20 kwa kilo, na huyo ningemwambia asinunue kabisa. Akodi. Bawa la kujifunzia hupitwa na wakati haraka, na kwenye vituo vya kaiti, ule mchezo wa kuvutwa na tiara juu ya maji, yamejaa.

Hatua ya 3: Urefu wa ncha kwa ncha, hapa usiharakishe

Mabawa mawili ya eneo moja yanaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Kuyatofautisha, chukua urefu wa ncha kwa ncha kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawanye kwa eneo. Bawa la 1000 lenye urefu wa sentimita 80 linatoa uwiano wa 6.4. Likiwa na sentimita 90, uwiano ni 8.1. Likiwa na 110, ni 12.1. Eneo ni lilelile. Lile la kwanza lina upana wa wastani wa sentimita 12 na nusu, la mwisho sentimita 9.

Bawa refu jembamba huteleza mbali. Ukipampu, yaani ukiukandamiza na kuuachia ubao kwa miguu ili usonge bila upepo wala wimbi, kila kandamizo linakupeleka mbali kabla ya kuhitaji jingine. Ukinzani wake ni mdogo, na kwenye upepo wa kaskazi unaokatika katika ni raha tupu, kwa sababu upepo ukilala unaendelea kwenda hadi urudi. Gharama yake ni kugeuka. Halipendi kulala upande, na likipoteza kasi huachia maji kwa ghafla bila kukuonya.

Lile fupi pana hugeuka unapotazama. Linasamehe mguu uliokaa vibaya, na likikaribia kushindwa hukuambia mapema. Lakini ukipampu utahema, na ukitaka kasi utaburuta maji.

Kuna jambo la tatu ambalo mtu haligundui mpaka limwangushe, nalo ni ncha kutoka majini kwenye kona. Ukilaza foili nyuzi 45, ncha ya upande wa juu hupanda kwa kiasi cha nusu ya urefu wa bawa mara 0.7. Kwa bawa la sentimita 110 ncha inapanda karibu sentimita 39. Kwa la 80, sentimita 28. Unapoendesha na mlingoti wa sentimita 75 na bawa liko sentimita 35 tu chini ya uso, lile refu limeshatoa ncha hewani. Baadhi ya mabawa huvumilia ncha ikitoka. Mengine huvuta hewa chini hadi katikati na kukutupa pale pale.

Uamuzi wangu kwa bawa moja ni uwiano kati ya 7 na 8.5, na urefu usiozidi sentimita 95 kwa mtu wa kilo 80. Mnaopenda mawimbi kuliko upepo, sogeeni upande wa 7. Mnaopenda safari ndefu za kufuata upepo nje ya mwamba, 8.5 na zaidi kidogo. Vijana wengi wa intaneti wataapa kwa uwiano wa 10 au 12, nao hawadanganyi. Wengi wao wana mabawa manne kwenye begi.

Hatua ya 4: Unene na umbo

Tazama bawa kwa ubavu, jicho likiwa usawa wa ncha. Unene wa katikati ukiwa mkubwa kwa upana wake, bawa litanyanyua vizuri kwenye mwendo wa pole na litafunga breki mapema. Likiwa jembamba, litakuwa zito kuinuka na jepesi kukimbia. Kampuni nyingi hazichapishi unene, hivyo macho yako na maoni ya waliolipanda ndivyo vitakavyokusaidia. Kama eneo ulilochagua ni la chini kwenye hesabu ya hatua ya 2, kubali unene wa wastani. Kama ni la juu, dai wembamba.

Ncha zilizoinama chini hulifanya bawa liwe tulivu zaidi linapolala. Kwenye pwani yetu kuna sababu nyingine ya kutazama umbo. Ukingo wa mbele uliopinda kurudi nyuma huyaacha majani ya baharini yateleze hadi nchani na kutoka. Ukingo ulionyooka huyabeba. Jani moja tu la urefu wa kiganja likijikunja kwenye ukingo wa mbele, ubao huanza kutetemeka, kasi hushuka, na mguu wa nyuma unajikuta unafanya kazi isiyo yake. Ukisikia hivyo usilaumu bawa. Shuka, pitisha mkono kwenye ukingo wote, kisha endelea.

Hatua ya 5: Pima maji ya kwenu

Kule Paje maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na yakipwa, unatembea kwa miguu pale ulipokuwa unateleza asubuhi. Mlingoti wa sentimita 75 hadi 85 pamoja na bawa vinataka zaidi ya mita 1 ya maji kabla hujapanda hata ubao. Soma jedwali la maji, na siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu toka maji yakiwa yamejaa nusu na yanaendelea kujaa, siyo yakitoka. Maji mafu yanakupa muda mrefu zaidi, ingawa kwenye kina cha wastani.

Halafu kuna mwani. Mashamba ya mwani ya Paje na Jambiani ni vigingi na kamba zilizotandazwa kwenye maji ya kina kifupi, na maji yakijaa huvioni. Ukingo wa kaboni unaokwenda kilomita 20 kwa saa hukata kamba ya mama wa watu, na kigingi nacho hulipasua bawa lako. Waulize wenyeji mipaka iko wapi kabla ya kuingia, na ukiharibu, toka ukaseme na ulipe.

Je, kina kifupi kinabadilisha uchaguzi wa bawa? Kidogo. Ukilazimika kutumia mlingoti mfupi, punguza urefu wa bawa, maana hesabu ya ncha kutoka majini inakubana zaidi.

Hatua ya 6: Usomaji wa namba na suala la kuoana

Usidhani namba iliyochapishwa juu ya bawa ni eneo. Kampuni ya Axis, kwa mfano, huandika urefu wa ncha kwa ncha kwa milimita: ART 999 yao ni bawa la karibu mita 1. Armstrong huandika eneo, kwa hiyo HA 925 ni sentimita za mraba 925. Mtu akiweka yale mawili pembeni na kusema "tofauti ni ndogo", hajui anachouza. Uliza eneo, uliza urefu, piga hesabu ya uwiano mwenyewe.

Upande wa ubao hakuna shida kubwa. Ubao mwingi una reli mbili zilizoachana milimita 90, na mlingoti hufungwa kwa bolti nne za M8. Chini ni hadithi nyingine. Bawa la kampuni moja kwa kawaida haliingii kwenye fuselaji ya kampuni nyingine, na hata ndani ya kampuni moja kuna mifumo ya zamani na mipya. Kwa anayeishi Mombasa au Unguja, ambako skrubu moja iliyopotea inaweza kusubiri mgeni aje nayo kutoka Ulaya, mimi ningechagua chapa ambayo kituo cha jirani wanaitumia, hata kama bawa lao ni la pili kwa ubora. Wao wana skrubu, wana mikia ya kuazimisha, na siku moja watakununulia lako.

Hatua ya 7: Kukagua bawa la mtumba

Mabawa mazuri ya mtumba yapo, hasa mwisho wa msimu wageni wanapotaka mizigo myepesi ya ndege. Ili usiuziwe mbuzi kwenye gunia, fanya hivi kabla ya kutoa fedha.

Pitisha ukucha polepole kwenye ukingo wa mbele wote, kutoka ncha hadi ncha. Mikwaruzo ya mchanga huhisi kama msasa na haina neno. Unachotafuta ni pale ukucha unapozama: hapo bawa limegonga mwamba. Rangi ikiwa imeondoka na nyuzi za kaboni zinaonekana, maji yanaweza kuwa yameshaingia. Inua bawa, litikise karibu na sikio. Kisha ligonge kwa sarafu sehemu mbalimbali; sauti ikiwa kali na kavu kila mahali, vizuri, na mahali inapofifia pana tabaka lililoachana. Ukingo wa nyuma nao uangalie kwa mwanga: kijipande kilichomeguka hapo ndicho kinachosababisha bawa kupiga mluzi likiwa na kasi. Mluzi mtu anaweza kuuondoa kwa msasa laini na subira. Ufa ulio kwenye shina, pale bawa linapoungana na fuselaji, usiununue kwa bei yoyote.

Mwisho funga bawa kwenye fuselaji bila kukaza skrubu, ulisukume juu na chini. Likicheza kabla ya kukazwa ni kawaida. Likicheza baada ya kukazwa, nyumba ya skrubu imechoka.

Hatua ya 8: Jaribu majini, kisha rekebisha kabla ya kuhukumu

Usilikatae bawa kwa safari moja. Kwanza weka mlingoti katikati ya reli. Ukijikuta unalemea mguu wa mbele muda wote ili ubao usipande, sogeza mlingoti nyuma sentimita 1. Ukihisi ubao unazamisha pua na mguu wa nyuma unateseka, sogeza mbele sentimita 1. Badilisha kitu kimoja kila mara, uweke alama kwa kalamu ya wino usiofutika.

Kisha fanya majaribio matatu. Kwenye upepo mdogo, inuka, ushushe tanga na uhesabu unateleza kwa muda gani kabla ya kugusa maji. Kwenye upepo wa kutosha, kimbia hadi pale miguu inapoanza kuomba huruma. Kama ni kabla ya kufikia mawimbi ya nje, bawa ni kubwa au nene mno kwako. Tatu, ingia kona moja ya kulala kweli kweli kila upande na usikilize ncha.

Likishindwa jaribio la tatu tu, usikimbilie kununua bawa jingine. Badilisha mkia kwanza. Mkia mdogo huachia ubao ugeuke na huongeza kasi, mkubwa hutuliza. Kuna pia vipande vyembamba vya plastiki vinavyowekwa chini ya mkia kubadilisha pembe yake kwa nusu digrii au digrii 1. Pembe ikiongezeka, mkia ukasukumwa chini zaidi, foili inainuka mapema na kutulia, lakini mguu wa mbele unalemewa kwenye kasi. Pembe ikipungua, mambo yanageuka. Fuselaji fupi nayo hulifanya bawa lilelile liwe jepesi kwenye mawimbi, na ile ndefu hukupa utulivu siku ya tanga. Mtu mwenye bawa moja la mbele, mikia miwili na fuselaji mbili ana foili nne, kwa gharama ndogo kuliko mabawa mawili.

Kila ukitoka majini, hata ukiwa umechoka vipi, suuza kwa maji baridi na ufungue skrubu zote. Chuma cha pua kikikaa ndani ya alumini pamoja na chumvi hushikana kiasi kwamba ufunguo wa nyota utakata kichwa cha skrubu kabla haijalegea. Paka grisi ya baharini kwenye nyuzi kabla ya kufunga tena, kaza kwa mkono mmoja ukishika karibu na shingo ya ufunguo, na uweke skrubu mbili za akiba kwenye begi la foili, wala siyo nyumbani.